Mvua, Mto na Neno: Uhakiki wa Upangaji wa Muda katika Majaribio ya Ubongo na Lugha

1.0 Utangulizi

Uhakiki katika taaluma ya Kiswahili umezoea kushughulikia riwaya, tamthilia, ushairi na fasihi simulizi. Ni mara chache mhakiki hugeuza macho kulitazama jaribio la kisayansi na kuliuliza maswali yale yale aiulizayo kazi ya fasihi: limejengwaje, linamchukuliaje msikilizaji wake, na lina dhana gani iliyofichika juu ya lugha? Makala haya yanakusudia kufanya hivyo. Jambo linalohakikiwa ni upangaji wa muda wa vichocheo katika majaribio ya kupima ubongo, yaani namna mtafiti anavyoamua neno moja lisikike lini, na kimya cha urefu gani kifuate kabla ya neno la pili kusikika.

Huenda msomaji akauliza jambo hili lina uhusiano gani na idara ya lugha za Kiafrika. Jibu ni kwamba mengi ya majaribio hayo hutumia maneno kama vichocheo, na hakuna neno lisilokuwa la lugha fulani. Kanuni za muda zinazofuatwa leo zilikomazwa zaidi katika maabara za Ulaya na Marekani, na lugha iliyotawala huko ni Kiingereza. Kanuni hizo zinapoletwa kwa msemaji wa Kiswahili, Kikuyu au Kikamba, huja zimebeba dhana kuhusu neno ni kitu gani. Hoja ya makala haya ni kwamba kanuni hizo ni sahihi kuhusu mwendo wa damu ubongoni, lakini ni bubu kuhusu neno. Na ububu huo usiporekebishwa, huweza kugeuka hukumu juu ya watu.

Mahali patakapotumika kufafanulia hoja hii ni Gatuanyaga, wadi iliyo mashariki ya mji wa Thika katika kaunti ya Kiambu. Pamechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, pana mto jirani ambao tabia yake huifafanua kanuni yenyewe vizuri kuliko michoro mingi ya vitabuni. Pili, ni eneo ambalo Kikuyu, Kikamba na Kiswahili hukutana, na Kiingereza huingia kwa mlango wa shule; hivyo mtoto wa hapo ndiye hasa ambaye kanuni zilizopo zaweza kumpima kwa kipimo kisichokuwa chake.

2.0 Mvua na Mto

Mto Athi hupita mpakani mwa Kiambu na Machakos, na karibu na mlima wa Kilimambogo huanguka katika maporomoko yaitwayo Fourteen Falls. Maji yake hutoka mbali. Mto Nairobi, kwa mfano, ni mojawapo ya mito inayomimina humo. Mvua ikinyesha huko juu, maporomoko hayajai papo hapo. Hupita muda, kisha maji huanza kupanda, hufikia kilele, na baadaye hushuka polepole. Mtu asimamaye kwenye maporomoko haioni mvua yenyewe. Anachokiona ni mto, na kutokana na mto hana budi kukisia mvua ilinyesha lini na kwa kiasi gani.

Ndivyo ilivyo hali ya mtafiti atumiaye mashine ya sumaku, maarufu kwa jina la MRI, kuutazama ubongo unaofanya kazi. Mwaka 1990 Seiji Ogawa na wenzake walionyesha kwamba picha za sumaku huweza kubadilika kulingana na kiasi cha oksijeni kilichomo katika damu ya ubongo. Kufikia mwaka 1992 makundi kadhaa ya watafiti yalikuwa yamekwisha kuonyesha jambo hilo kwa binadamu. Sehemu ya ubongo inayofanya kazi huletewa damu nyingi zaidi yenye oksijeni, na badiliko hilo la damu ndilo linalopimwa. Kwa hiyo kipimwacho si kazi ya ubongo yenyewe bali ni athari yake, kama vile mto ulivyo athari ya mvua.

Aidha, athari hiyo ni ya polepole mno. Seli za ubongo hufanya kazi yake kwa milisekunde, lakini damu huchukua takriban sekunde mbili kabla ya kuanza kuonyesha ongezeko, hufikia kilele kati ya sekunde ya tano na ya sita hivi, na huhitaji sekunde kama 15 au zaidi kurudi ilipokuwa. Neno lililosikika kwa nusu sekunde huacha wimbi la robo dakika.

Hapo ndipo tatizo la muda linapozuka. Ikiwa neno jipya husikika kila baada ya sekunde mbili kamili, mawimbi hupandana. Ni sawa na mvua inayonyesha kwa kiasi kile kile, saa ile ile, kila jioni: mto hupanda ukafikia kimo fulani, ukabaki hapo karibu bila kubadilika, na hakuna awezaye kusema mvua ya jioni fulani iliongeza nini. Kwa upande mwingine, ikiwa mtafiti atangoja sekunde 15 kati ya neno na neno, kila wimbi litaonekana peke yake, lakini katika dakika 10 atakuwa amepata maneno 40 tu, na msikilizaji aliyelala ndani ya mashine atakuwa amekwisha kuchoka na kuanza kuwaza mengine.

Njia ya tatu ni kuvibadilisha vipindi vya kimya. Mvua ikinyesha leo, ikakosa siku mbili, ikanyesha siku tatu mfululizo, kisha ikakosa moja, basi kupanda na kushuka kwa mto hubeba alama ya kila mvua. Mtazamaji mwenye daftari la siku za mvua aweza kwa hesabu kuyatenganisha mawimbi hata pale yalipopandana. Kwa wastani wa sekunde tatu kati ya neno na neno, dakika zile zile 10 huzaa maneno 200 badala ya 40.

3.0 Ubora wa Kanuni

Uhakiki wa haki huanza kwa kukiri uzuri wa kazi inayohakikiwa. Katika makala yake ya mwaka 1999, Anders Dale alilichambua suala hili kwa hesabu. Kabla ya hapo kulikuwa na wataalamu waliosisitiza kwamba kipindi kisichobadilika cha sekunde zisizopungua 15 ndicho bora, ilhali wengine walikuwa wamekwisha kutumia vipindi vifupi hata vya nusu sekunde na kufaulu. Dale alionyesha kwamba pande zote mbili zilikuwa na sehemu ya ukweli. Kipindi kisichobadilika kikifupishwa mno, ufanisi wa jaribio huporomoka. Lakini vipindi vikibadilishwa ipasavyo kutoka tukio hadi tukio, ufanisi huongezeka kadiri wastani wake unavyopungua, na waweza kuwa zaidi ya mara 10 ya ule upatikanao kwa vipindi vya kudumu.

Miaka miwili baadaye, mwaka 2001, Thomas Liu na wenzake waliongeza jambo ambalo mwanafasihi atalipokea kwa furaha. Walitofautisha malengo mawili: kugundua kwamba sehemu fulani ya ubongo imeitika, na kukadiria umbo la mwitiko huo tangu kupanda hadi kushuka. Mpangilio ulio bora kwa lengo la kwanza si bora kwa la pili. Matukio yakikusanywa katika mafungu marefu ya aina moja, ni rahisi kugundua mwitiko, lakini umbo lake hufichika. Yakichanganywa bila utaratibu unaotabirika, umbo hudhihirika, lakini nguvu ya kugundua hupungua. Isitoshe, waliingiza katika hesabu yao suala la utabirikaji: je, mtu anayepimwa aweza kukisia kitakachofuata? Mwaka 2003 Tor Wager na Thomas Nichols walipendekeza programu inayoshindanisha mipangilio mingi, ikihifadhi iliyo bora na kuichanganya ili izae mingine, hadi upatikane mpangilio unaosawazisha malengo hayo.

Suala la utabirikaji linastahili kutazamwa kwa jicho la fasihi simulizi. Mtegaji wa vitendawili akiisha kusema "Kitendawili!" na hadhira ikaitika "Tega!", hatoi vitendawili vyake kwa mwendo wa saa ya ukutani. Mara hutega kwa haraka, mara hunyamaza kidogo. Na hadhira ikishindwa, hudai apewe mji, nao huanza kumtajia miji, pengine Mombasa, pengine Thika, hadi aridhike ndipo atoe jibu. Wakikuyu nao wana mwito wao wa kufungulia vitendawili, "Gwata ndaĩ", unaomtaka msikilizaji akubali changamoto kabla hajaisikia. Katika mila zote hizi kimya ni sehemu ya sanaa. Msikilizaji akijua hasa jibu litatoka lini, akili yake hulala.

Hata hivyo, ulinganisho huu una mpaka, nao ni muhimu kuliko mfanano wenyewe. Mtegaji huupanga muda wake kwa kumtazama msikilizaji na kulipima fumbo lenyewe: fumbo refu hupewa nafasi ndefu, fumbo jepesi hupitishwa upesi. Programu ya mtafiti hupanga muda kwa kuitazama damu tu. Haijui kama neno ni fupi au refu, la mzizi mtupu au lenye viambishi vitano. Kwake kila neno ni nukta moja katika mstari wa wakati.

4.0 Neno Si Nukta

Hapa ndipo penye dosari. Katika hesabu za kawaida za upangaji, tukio huwekwa mahali pamoja, aghalabu pale linapoanza. Dhana hiyo haidhuru sana ikiwa kichocheo ni mlio mfupi au mmweko wa taa. Vilevile, haionyeshi madhara yake upesi katika lugha ambayo maneno mengi ya kila siku ni ya silabi moja au mbili na mzizi huja mwanzoni. Lakini lichukuliwe neno la Kiswahili "hatutawasomesha". Neno hili lina silabi saba na mofimu saba: kikanushi ha-, kiambishi cha nafsi -tu-, cha wakati -ta-, cha yambwa -wa-, mzizi -som-, kiambishi cha kutendesha -esh-, na irabu ya mwisho -a. Wazo ambalo Mwingereza huligawanya katika maneno matano limefungwa hapa katika neno moja, na ule mzizi unaobeba maana ya msingi huja baada ya silabi nne kupita.

Ichukuliwe, kwa ajili ya mfano tu, kwamba msemaji hutamka silabi tano kwa sekunde, yaani kila silabi huchukua milisekunde 200. Katika neno "soma" mzizi huanza katika milisekunde 0. Katika "atasoma" huanza katika milisekunde 400. Katika "hatutawasomesha" huanza katika milisekunde 800, na neno lenyewe halimaliziki hadi milisekunde 1400. Maneno yote matatu yana mzizi mmoja. Mtafiti anayeyapanga kama nukta tatu zilizo sawa anachanganya matukio matatu ambayo kiini chake hutokea katika nyakati tatu tofauti.

Madhara ya kosa hili hutegemea chombo kinachotumika. Kwa mashine ya sumaku, tofauti ya milisekunde 800 ni ndogo ikilinganishwa na wimbi la damu la sekunde 15. Lakini urefu wa neno wenyewe una athari nyingine. Kazi ya ubongo inayodumu zaidi huleta damu nyingi zaidi. Mtazamaji wa Athi akiona mto umepanda sana aweza kusema kwamba mvua ilikuwa kali, kumbe ilikuwa mvua ya kawaida iliyodumu saa tatu badala ya moja. Vivyo hivyo mtafiti anayelinganisha vitenzi vyenye viambishi vingi na vitenzi vifupi, akaona damu imeongezeka, aweza kutangaza kwamba amegundua mahali ubongo unapochambua mofolojia, ilhali alichokipima ni urefu wa sauti.

Kuna athari ya pili, nayo ni ya kimya. Vipindi vikihesabiwa tangu mwanzo wa neno hadi mwanzo wa neno lifuatalo, neno refu hujilia kimya chake. Katika kipindi cha sekunde mbili, "soma" huachia msikilizaji milisekunde 1600 za kimya. "Hatutawasomesha" humwachia milisekunde 600 tu. Neno linalohitaji kufikiriwa zaidi ndilo linalopewa nafasi ndogo zaidi. Hakuna mtegaji wa vitendawili ambaye angefanya hivyo.

5.0 Umeme wa Ubongo

Kwa chombo cha pili dosari ni kubwa zaidi. Ubongo hupimwa pia kwa elektrodi zinazowekwa juu ya ngozi ya kichwa, ambazo hunasa badiliko la umeme kwa kipimo cha milisekunde. Mawimbi ya umeme yanayotokana na tukio moja ni madogo mno kuonekana peke yake. Hivyo matukio mengi hulinganishwa tangu nukta ya kuanza, kisha hutafutwa wastani wake. Mwaka 1980 Marta Kutas na Steven Hillyard walionyesha kwa njia hii kwamba neno lisilopatana na maana ya sentensi huleta wimbi hasi linalofikia kilele takriban milisekunde 400 baada ya neno kutokea. Wimbi hilo limekuwa mojawapo ya vipimo vikuu vya uelewaji wa maana.

Neno katika jaribio hilo lilisomwa, na jicho huweza kulipokea neno fupi kwa mara moja. Sikio halina uwezo huo. Ikiwa "hatutawasomesha" litasikika na saa kuanza kuhesabu kwenye ha-, basi katika milisekunde 400 msikilizaji amekwisha kusikia "hatu-" tu. Mzizi haujafika hata mlangoni. Wimbi la maana likichelewa, si ubongo uliochelewa. Ni saa iliyowahi mno. Tena, mtafiti akichanganya maneno ambayo mizizi yake huanza katika milisekunde 0, 400 na 800, wastani wake utakuwa kilima kipana na kifupi badala ya kilele kilichochongoka. Kilima hicho kitaonekana kama mwitiko dhaifu, ilhali kila mwitiko mmoja mmoja ulikuwa na nguvu zake kamili.

Hata hivyo, haitoshi kusema kwamba saa ianzie kwenye mzizi. Viambishi si maganda ya kumenywa na kutupwa. Aliyesikia "hatutawa-" amekwisha kujua kwamba kuna ukanushaji, kwamba wakati ni ujao, na kwamba kitenzi kinachokuja chaweza kuchukua yambwa ya ngeli ya watu. Amekwisha kuviondoa vitenzi vingi katika matarajio yake kabla ya mzizi kutamkwa. Upatanisho wa ngeli nao hufanya kazi hiyo hiyo katika sentensi nzima: anayesikia "vyangu vi-" anangojea sifa au tendo la vitu vya ngeli ya ki-vi, wala hashangai. Kwa hiyo mahali ambapo neno la Kiswahili hutambulika huenda pakawa kabla ya mzizi kukamilika, au baada yake, kulingana na neno na sentensi. Jambo hilo halijulikani kwa kukisia. Hujulikana kwa kupima.

Njia ya kupima ipo, nayo haihitaji mashine ya gharama. Mwaka 1980 François Grosjean alieleza utaratibu wa kumsikilizisha mtu kipande kifupi cha mwanzo wa neno, kisha kirefu kidogo, kisha kirefu zaidi, na kila mara kumwuliza ni neno gani, hadi atambue. Kwa utaratibu huo chumba kimoja tulivu, kinasa sauti na wasikilizaji wenye subira vyatosha kuonyesha neno "hatutawasomesha" hutambulika katika milisekunde ya ngapi.

6.0 Yaliyokwisha Kufanyika Afrika

Isidhaniwe kwamba Afrika Mashariki ni ngeni kwa majaribio ya aina hii. Mwaka 2010 Michael Kihara na wenzake walichapisha utafiti uliohusu watoto wa Kenya waliokua kwa kawaida, wakipima mawimbi ya umeme ya ubongo yanayoitikia mambo mapya yanaposikika na yanapoonekana. Kazi hiyo ilitokana na Kilifi, ambako utafiti wa afya ya watoto una historia ndefu. Umuhimu wake kwa hoja hii ni kwamba iliweka kipimo kutoka kwa watoto wa mahali penyewe. Anayetaka kujua kama ugonjwa umemdhuru mtoto wa Kilifi sharti kwanza ajue mtoto mzima wa Kenya huitika vipi, badala ya kuazima kipimo cha mtoto wa London.

Lakini jambo jipya lililosikika au kuonekana si sentensi. Upande wa lugha, mwaka 2020 Laura Ciaccio, Naledi Kgolo na Harald Clahsen walitoa utafiti juu ya viambishi awali vya Kitswana, lugha ya Kibantu kama Kiswahili. Walitumia muda wa kujibu, wala si picha za ubongo, na waligundua kwamba maneno yenye viambishi awali vya unyambulishaji na yale yenye viambishi vya uambatizi wa kisarufi yote mawili huharakisha utambuzi wa neno la msingi kwa kiasi kinachokaribiana. Watafiti hao walitaja pia kwamba lugha za Kiafrika zimehusishwa kwa nadra katika majaribio ya saikolojia ya lugha. Nadra hiyo ndiyo inayozifanya kanuni za muda zionekane kuwa za binadamu wote, kumbe hazijaulizwa bado na lugha nyingi za binadamu.

7.0 Mtoto wa Gatuanyaga

Na ichukuliwe sasa kwamba jaribio kama hilo linaletwa Gatuanyaga. Mtoto wa miaka minane, azungumzaye Kikuyu au Kikamba nyumbani, Kiswahili sokoni na kwa majirani, na Kiingereza darasani, anavishwa elektrodi na kusikilizishwa maneno ya Kiswahili na ya Kiingereza. Maneno ya Kiingereza ni mafupi. Ya Kiswahili ni vitenzi vilivyonyambuliwa. Saa inaanza kuhesabu mwanzoni mwa kila neno. Matokeo yanatoka: wimbi la maana la Kiingereza lina kilele wazi, la Kiswahili limechelewa na ni pana. Hakuna takwimu iliyokosewa, wala mashine haikuharibika. Lakini mtu akiyasoma matokeo hayo bila kuuliza juu ya muda, ataandika kwamba mtoto huyu anakielewa Kiingereza upesi na kwa uhakika kuliko Kiswahili.

Sentensi kama hiyo haibaki maabara. Tangu Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipopendekeza kwamba lugha inayotawala katika eneo la shule itumike kufundishia katika madarasa matatu ya mwanzo, Kenya haijaacha kujadiliana juu ya lugha ya kumfunzia mtoto mdogo. Mahali kama Gatuanyaga, ambapo ni vigumu kusema kwa haraka lugha ya eneo ni ipi, mjadala huo huwa na makali zaidi. Mzazi anayeona Kiingereza ndicho ngazi ya kazi anatafuta ushahidi. Mwalimu naye vilevile. Picha ya ubongo ina mvuto ambao hoja ya mwanaisimu haina: huonekana kama jicho lililofunua fuvu na kuuona ukweli. Kosa la milisekunde 800 likivikwa vazi hilo, laweza kumnyang'anya mtoto lugha ya kufikiria.

Ikumbukwe kwamba kosa lenyewe lisingekuwa la makusudi. Mtafiti angekuwa amefuata kanuni bora kabisa: vipindi vyenye kubadilika, mpangilio usiotabirika, wastani mfupi. Angekuwa amesahau jambo moja tu, kwamba mvua za milima miwili zisizonyesha kwa muda sawa haziwezi kulinganishwa kwa kutazama kimo cha mto peke yake.

8.0 Pingamizi

Yawezekana kupingwa kwamba dosari hii ni ndogo, kwa kuwa mtafiti anaweza kuchagua maneno ya Kiswahili yenye urefu sawa na ya Kiingereza. Jibu ni kwamba dawa hiyo huua mgonjwa. Maneno mafupi ya Kiswahili, hasa amri kama "soma" na nomino fupi fupi, hayawakilishi lugha inavyosemwa. Kuchagua hayo peke yake ni kuipima lugha baada ya kuivua sarufi yake, yaani kile hasa kinachoifanya istahili kuchunguzwa.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Yaweza kusemwa kwamba hesabu za kisasa huruhusu urefu wa kila tukio kuingizwa, na kwamba mtafiti makini tayari aweza kuipanga saa yake mahali popote katika neno. Hilo ni kweli. Chombo si adui. Programu haimkatazi mtu kuiambia mzizi uko wapi. Lakini programu haiwezi kuambiwa jambo ambalo mwenye kuitumia halijui, na anayejua muundo wa neno la Kiswahili, mahali pa mkazo wake na mazoea ya viambishi vyake si mwanafizikia wa sumaku. Ni mwanaisimu wa idara kama hizi. Upungufu, basi, ni wa pande mbili. Wataalamu wa lugha za Kibantu wameandika mengi juu ya mofimu na machache juu ya wakati. Hata vitendawili vimekusanywa kwa wingi vikachapwa swali na jibu, na kimya kilichokuwa katikati hakikuandikwa popote.

9.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kanuni ya kubadilisha vipindi katika majaribio ya ubongo ni kanuni njema, na kwamba ubora wake hukoma pale inapolichukulia neno kuwa nukta. Kwa lugha kama Kiswahili, ambamo neno ni safari yenye vituo, mapendekezo manne yanafaa kuzingatiwa. Kwanza, kabla ya jaribio lolote, mahali pa utambuzi wa kila neno patafutwe kwa wasemaji wa mahali penyewe, na saa ipangwe kwa mahali hapo pamoja na mwanzo wa neno. Pili, vipindi vya kimya vihesabiwe tangu mwisho wa neno, ili neno refu lisinyimwe nafasi yake. Tatu, urefu wa kila neno uingizwe katika hesabu ya mwitiko, usichukuliwe kuwa sawa kwa yote. Nne, kasi ya mwitiko wa lugha moja isilinganishwe na ya nyingine mpaka mambo hayo matatu yametimizwa, hasa pale ambapo matokeo yanaweza kutumiwa kuamulia lugha ya kufundishia watoto.

Kazi hiyo yaweza kuanza bila mashine ya sumaku. Yaweza kuanzia Gatuanyaga kwa kinasa sauti na orodha ya vitenzi vya Kiswahili, Kikuyu na Kikamba, kwa wasikilizaji wa rika mbalimbali, na matokeo yake yakawa tayari siku ambayo mtafiti mwenye elektrodi atabisha hodi. Akiyakuta, atajua saa yake ianze wapi. Asipoyakuta, atatumia saa aliyokuja nayo.